Simba mmoja, sura tano: kaseti, VCD, DVD, Blu-ray na 4K kwenye kioo changu cha Kikwajuni

Mpwa wangu ana miaka tisa na macho ya mwewe. Ijumaa moja tumeshasali, tumeshakula, nikamuwekea katuni ya The Lion King kwenye diski ya Blu-ray niliyoipata karibuni. Mkanda wenyewe anaujua kwa moyo, kwa sababu kwa bibi yake Michenzani, hapa hapa Unguja, upo wa kaseti na haumchoshi. Ulipofika ule wimbo wa mtoto Simba akijitapa kwamba atakuwa mfalme, akanyanyuka kwenye jamvi, akaenda mpaka karibu pua iguse kioo cha tivi.

"Mjomba, mamba hawa si wale."

Nikamwambia mamba ni mamba, kaa chini. Akajibu, "Wale wa Bibi wamechorwa haraka haraka. Hawa kama wanataka kukuuma kweli."

Nilimpuuza, kisha usiku nikashindwa kulala. Asubuhi nikenda Michenzani, nikaiazima kaseti, nikaziweka mbili sambamba. Mtoto kasema kweli. Mkanda ulipotayarishwa kuoneshwa kwenye vioo vikubwa vya IMAX mwishoni mwa 2002, miaka minane baada ya kutoka, waliwachora upya wale mamba wa kwenye wimbo. Kila kilichofuata, kuanzia DVD ya 2003, kimewachukua mamba wapya. Hata pale DVD inapokupa chaguo la kutazama mkanda kama ulivyokuwa sinema, mamba wanaotokea ni hao hao wapya.

Basi kazi ikaanzia hapo. Mimi ni fundi. Nilianza na tivi na deki pale Mlandege mwaka 1993, siku hizi nafungua simu zaidi, lakini nyumbani sijatupa kitu, na mke wangu anaweza kulithibitisha hilo kwa masikitiko. Ninayo tivi ya chogo ya inchi 21 inayowaka mpaka leo, flati ya 4K ya inchi 43, deki ya vichwa vinne, deki ya DVD, na mashine ya kuchezea diski za 4K aliyokuja nayo shemeji yangu kutoka Maskati. Na ninao mkanda huu mmoja kwa namna tano. Nimezitazama zote ndani ya wiki mbili, vipande vile vile: jua linalochomoza mwanzo, wimbo wa mamba, nyumbu wanaoporomoka bondeni, na usiku wa nyota.

Kaseti kwanza, kwa sababu ndiyo iliyoleta ugomvi.

Hii ililetwa na shangazi kutoka Dubai mwaka 1996. Ni ya PAL, mmoja wa mifumo ya picha za tivi, na hilo halikuwa jambo dogo. Huku kwetu tivi zilikuwa za PAL tangu Televisheni ya Zanzibar ilipoanza kurusha matangazo kwa rangi mwaka 1974, wakati wenzetu wa Bara walikaa miaka 20 zaidi kabla ya kupata kituo chao cha kwanza. Mtu akiletewa kaseti na ndugu yake aliyeko Marekani, ilikuwa ya NTSC, mfumo wa huko kwao. Anaitia kwenye deki, picha inatoka nyeusi na nyeupe na inapanda juu kama pazia linalovutwa. Nimeletewa deki nyingi nzima kabisa, wenyewe wakiapa zimeharibika, kumbe kaseti ndiyo iliyokosea nchi.

PAL nayo ina kiini macho chake. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, tivi ya PAL inakwenda 25. Njia rahisi ni kuuharakisha mkanda, na ndivyo ilivyofanywa. Mkanda wa dakika 88 unakwisha kwa dakika 84 na nusu, na sauti zote zinapanda kidogo. Rafiki, yule nyani mzee wa mkandani, akiimba "asante sana, squash banana, wewe nugu, mimi hapana" kwenye kaseti anasikika mwembamba kuliko kwenye Blu-ray. Sisi tuliokulia na kaseti, yule mwembamba ndiye Rafiki. Huyu wa diski tunamuona ana mafua.

(Bi mkubwa, mama yangu, mwaka ule aliangalia robo saa tu akauliza, "Huyu fisi wamemwita Shenzi? Kamkosea nani?" Hajawahi kuridhika na jibu langu. Jina la mama yake Simba, Sarabi, alilikubali, akasema hilo lina maana.)

Sasa picha yenyewe. Kabla ya kuitazama ilibidi niitibu. Bi mkubwa ni Mpemba, na kila kitu cha thamani anakitia kabatini pamoja na karafuu. Kaseti inanukia kuliko chai ya maziwa. Lakini karafuu haizuii ukungu wa Unguja. Ukiinua kile kifuniko cha mbele ukaangalia utepe ulivyozungushwa, utaona vidoa vyeupe ukingoni, kama unga wa muhogo uliomwagika. Usiitie hivyo kwenye deki, ukungu utahamia kwenye vichwa vinavyosoma utepe, na kaseti nyengine yoyote utakayoitia baadaye itaambukizwa. Nikafungua skrubu tano za chini, nikafunga kitambaa puani, nikaupitisha utepe wote kwa mkono juu ya kitambaa laini kikavu. Magrib ikanikuta na utepe mkononi.

Ikaja picha. Jua la mwanzo kwenye kaseti ni jekundu lisilokuwa na mpaka. VHS, yaani kaseti za aina hii, inahifadhi rangi kwa uchache sana, mistari ya weusi na weupe inaonekana kiasi, ila rangi yenyewe inavuja. Nyekundu ndiyo mbaya zaidi: inatoka nje ya mchoro ikaelekea kulia, kama hina iliyopakwa na mtu mwenye haraka. Pembeni wamekata, kwa sababu mkanda ni mpana na tivi za wakati ule zilikuwa karibu mraba, kwa hivyo kila Timon na Pumbaa, marafiki wa Simba, wanapotembea pamoja mmoja anabaki nusu. Nyumbu wanaposhuka ni vumbi tu na chenga. Kuna zile herufi ambazo Wamarekani walizizozania, kwamba vumbi linaloruka Simba anapojitupa ukingoni usiku limeandika neno la aibu. Nimesimamisha hapo mara kumi. Kwa kaseti yangu vumbi halijaandika kitu, limepigwa mstari mweupe wa kichwa kichafu.

Na pamoja na yote hayo, ukiirudisha kwenye tivi ya chogo, siyo flati, haichukizi. Chogo linazilainisha kasoro. Flati inazikuza na kuzitangaza. Nilipoiunganisha deki na ile flati ya inchi 43 mke wangu alidhani nimeharibu tivi.

VCD sitaipa nafasi kubwa. Niliinunua Darajani mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, diski mbili ndani ya mfuko wa nailoni, karatasi ya mbele imepigwa fotokopi mpaka Mufasa, baba yake Simba, ana uso wa rangi ya biringani. Diski moja ya VCD inachukua dakika 74, kwa hivyo mkanda lazima ukatwe, na aliyeukata huu aliukata Simba akiwa hewani. VCD ya PAL ina nukta za picha 352 kwa 288, robo ya DVD. Kwenye maneno na nyuso inavumilika. Nyumbu walipoanza kukimbia picha ikavunjika vigae, ukuta mzima wa bafu unakimbia bondeni. Hizo ni nyumbu ambazo wachoraji na mafundi watano walizihangaikia zaidi ya miaka 2 kwa kipande cha dakika mbili na nusu! Kompyuta iliwazidisha nyumbu wakawa kundi, ikampa kila mmoja njia yake wasigongane, na kote huko mistari ikabaki kama ya penseli ili wafanane na wanyama waliochorwa kwa mkono. VCD imewageuza vigae. Nimeitoa, nimeifanya ya kutundika shambani kufukuza ndege.

DVD ya 2003 ndiyo iliyonifungua macho wakati wake. Yangu ilitoka London, zoni 2 (dunia imegawanywa zoni, na deki hukataa diski ya zoni nyengine), na Afrika karibu yote imetiwa zoni 5 pamoja na Bara Hindi na Urusi, kwa hivyo deki iliikataa mpaka nilipoifungua kwa kubonyeza namba za siri kwenye rimoti. Vijana wa leo hawajui raha ya kuishinda mashine kwa rimoti.

Ubora wake una sababu. Michoro ya mkanda huu ilikuwa ya penseli, lakini haikupakwa rangi kwa mkono juu ya plastiki kama katuni za zamani. Iliingizwa kwenye mtambo wa CAPS, ambao Disney waliuunda pamoja na Pixar, na rangi ikapakwa ndani ya kompyuta. Kaseti ilitokana na filamu, yaani ile picha safi ya kompyuta ilishapigwa kwenye utepe wa sinema, na sinema ina vumbi lake na mtikisiko wake. DVD walikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Kwa hivyo hakuna vumbi, hakuna mtikisiko, mstari umesimama pale ulipochorwa. Umbo la picha nalo ni pana, unabakia na ukanda mwembamba mweusi kila upande kwenye flati. Pumbaa mzima.

Walichoniudhi ni wimbo. Waliongeza wimbo wa yule ndege Zazu wa taarifa ya asubuhi, ambao sinema haukuwemo, na ukichagua mkanda ulioongezwa unakatizwa na kipande ambacho kinaonekana wazi kimechorwa na watu wengine mwaka mwengine. Chagua ule wa kawaida. Na weusi wa usiku kwenye DVD unapiga kijivu. Yale majani ya porini usiku yanashikana yakawa kitambaa kimoja. Kwenye chogo sikuwahi kuliona hilo. Kwenye flati ya inchi 43 linaonekana hata ukikaa mlangoni.

Umeme ulipokatika Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, DVD hii tuliicheza kwa jenereta ya jirani, watoto wa mtaa mzima wamekaa barazani, chogo limewekwa dirishani. Nadhani ndiyo mara iliyopata watazamaji wengi kuliko zote, na hakuna aliyeulizia weusi wa usiku.

Sasa Blu-ray, ya 2011. Hapa nitakaa.

Kwa hesabu, DVD ya PAL ina nukta 720 kwa 576, Blu-ray ina 1920 kwa 1080, yaani mara 5 kamili. Lakini hesabu hiyo si ndiyo iliyonikamata. Kilichonikamata ni manyoya ya Mufasa pale anapomuonesha mwanawe nchi. Kwenye DVD ni rangi moja ya kahawia na ukingo mwekundu. Kwenye Blu-ray unaona mstari wa penseli haulingani unene: mnene kwenye shavu, mwembamba kwenye ncha, na mahala mchoraji alipoinua mkono unapaona. Nilisimamisha hapo nikamuita mke wangu. Akasema, "Ndiyo, simba." Haya.

Mandhari za nyuma ndizo zilizofaidi zaidi. Zile zimechorwa kwa brashi, na kwenye diski hii brashi inaonekana. Mawingu yana nyayo za rangi. Jua la mwanzo, lile lililokuwa likivuja kwenye kaseti, hapa limekatwa kwa wembe, na ndani yake mna njano ya manjano inayoingia kwenye zafarani, kisha ukingo mwekundu unaotetema kwa joto. Nyumbu unaweza kuwahesabu. Mpwa wangu alijaribu, akafika arobaini na kitu akachoka. Mwendo ni picha 24, kwa hivyo mkanda unakwenda dakika zake 88 na Rafiki anarudi na mafua yake.

Kasoro? Picha imejazwa kioo kizima, na nikilinganisha na DVD naona juu na chini pamepunguzwa kidole. Si kitu. Kwenye anga la jioni kuna sehemu rangi inashuka kwa ngazi badala ya kuteleza. Ndiyo hayo. Na mamba ni wapya.

4K ya 2018 shemeji aliitoa kwenye begi kama mtu anayetoa dhahabu. Haina mambo ya zoni, unaitia popote inacheza, kwa hilo nawasifu. Nukta ni 3840 kwa 2160, mara nne ya Blu-ray. Ila ulize: hizo nukta za ziada zimetoka wapi? Picha za CAPS zilitoka kwenye kompyuta zikiwa karibu na 2K, yaani nukta kama elfu mbili kwa upana. Haikuchorwa 4K mwaka 1994, hakukuwa na 4K. Kwa hivyo wameikuza. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi mzuri: sufuria imejaa, pweza ni yule yule. Nilikaa mita mbili na nusu kutoka kwenye kioo, nikambadilishia mke wangu diski mara sita bila ya kumwambia ipi ni ipi. Mara sita akasema, "Sawa sawa." Kwenye inchi 43 sioni tofauti ya mistari, na mimi ndiye niliyekuwa nikiitafuta.

Tofauti ipo kwenye mwanga. 4K ina HDR, yaani nafasi kubwa zaidi kati ya giza na mwanga, na pale jua linapotoka kioo kinang'aa hata ukutani panageuka rangi. Zile ngazi za anga la jioni zimekwisha, rangi inateleza. Kijani cha porini kimekolea. Usiku wa nyota ni mweusi wa kweli, kama tivi yako inao weusi wa kweli. Yangu ya bei ya kawaida inaugeuza kuwa bluu iliyochoka, na nyota zilizo ukingoni zinapotea. Kwa tivi kama yangu, HDR ni nusu ya ahadi. Kwa ile ya shemeji Maskati labda ni nzima.

Bi mkubwa tulimleta Kikwajuni kuja kuamua. Akaangalia jua la 4K, akaziba macho kwa kiganja. "Zima taa hiyo." Nikamwambia si taa Mama, ni mkanda.

Mwenye kununua, basi, anunue Blu-ray ya 2011. Bei niliyoipata mimi kwa iliyotumika ilikuwa chini ya nusu ya 4K, na macho yangu hayajaona hiyo nusu nyengine imekwenda wapi. Mwenye tivi kubwa ya gharama na mashine tayari anayo, 4K haitamuudhi. DVD kama unayo usiitupe, inatosha kwa watoto.

Lakini kabla ya kununua chochote ingia kwenye mipangilio ya tivi yako. Tivi mpya zinakuja na modi ya dukani, inayopandisha rangi mpaka Simba anakuwa chungwa. Weka modi ya sinema. Kisha tafuta ile ya kulainisha mwendo uizime. Katuni hizi mara nyingi huchorwa michoro 12 kwa sekunde, kila mchoro ukashikiliwa kwa picha mbili. Tivi inaona pengo, inajitungia michoro ya katikati ambayo hakuna mtu aliyeichora. Simba anaanza kuteleza kama yuko juu ya sabuni, na ukingo wa sikio unayeyuka kila anapogeuka. Nusu ya wanaoniambia diski yao mbovu, diski ni nzima, ni kitufe hicho. Nimekizima kwenye nyumba nne za mtaa huu na nyumba mbili wamenipa halua.

Mamba sasa. Kwa tano zote nilizonazo, hao wa kwanza wako kwenye kaseti na ile VCD niliyoitundika shambani, ambayo bila shaka ilinakiliwa kutoka kaseti. Nikenda kuiangalia, imepasuka kwa jua.

Imebaki kaseti, na kaseti Jumatano iliyopita ilimezwa. Mpwa wangu alitaka kuwaona mamba mara moja tu, deki ikavuta, ikasita, ikatoa sauti ya mtu anayekunja karatasi. Nikaufungua mfuniko nikaukuta utepe umejikunja kwenye ile rola ya mpira, na rola yenyewe imekauka imepasuka. Utepe nimeunyoosha, una mikunjo kama sentimita ishirini, bahati iko kabla ya wimbo wenyewe. Rola sina. Madukani watu wananicheka nikiitaja. Kama kuna mtu Unguja au Pemba ana deki mbovu ya vichwa vinne stoo, asiipeleke jaani, anitafute Mlandege. Sitaki kitu chengine, nataka huo mpira tu.